Mtoto Anapoogopa Mvua

Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalisumbua sehemu nyingi za Kenya. Huko Mai Mahiu, usiku wa kuamkia tarehe 29, maji yalishuka ghafula yakabeba nyumba na watu wakiwa wamelala. Shule zilichelewa kufunguliwa mpaka Mei 13. Maji hukauka, lakini hofu hubaki ndani ya mtoto.

Utaijuaje? Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mwingine analia tumbo kila asubuhi, au anamfuata mama hata chooni. Mwingine kila siku anacheza mchezo wa mafuriko. Huo si utundu. Bado anaogopa, na kumchapa kutamwongezea hofu.

Wazazi wengi husema, "Nyamaza, hakuna kitu!" Lakini mtoto alikiona. Basi anajifunza kuficha tu. Wengine huahidi kwamba maji hayatarudi kamwe. Yakirudi, je, atakuamini tena?

Tufanye hivi:

1. Msikilize mpaka amalize. Mwambie, "Ni kweli yalitisha. Hata mimi niliogopa. Sasa tuko pamoja."

2. Mweleze ukweli kwa maneno machache. Watoto wadogo wengine hufikiri msiba umekuja kwa sababu walikosea. Mwambie wazi kuwa si kosa lake.

3. Rudisha mambo ya kila siku: chakula kwa wakati wake, kazi ndogo ndogo, mchezo na shule.

4. Habari za waliokufa zisirudiwe rudiwe mbele yake, hasa usiku.

5. Tembea naye mpaka mahali pa juu mtakapokimbilia. Aijue njia, na ajue mtakutana wapi mkipotezana. Anayejua la kufanya hupungukiwa na hofu.

Kwa watoto wengi hofu hupungua baada ya wiki chache. Ikipita mwezi, na mtoto bado hali wala halali vizuri, ongea na mwalimu wake, kisha mpeleke kituo cha afya.

Tukumbuke pia kwamba mtoto huutazama uso wa mzazi kabla ya kutazama mawingu. Mzazi aliyepoteza shamba na mbuzi naye anahitaji mtu wa kumsikiliza. Hapo kikundi kina kazi.

Ya kuzungumza kikundini: Mvua kubwa ikija usiku, watoto wetu watakimbilia wapi? Na yule ambaye mzazi wake hayuko nyumbani, nani atamshika mkono?