Shilingi 155 kwa saa: bei ya kuonekana katika anga ya Nairobi

Uwanja wa Ndege wa Wilson, kando ya barabara ya Lang'ata, hauko peke yake. Kambi ya jeshi la anga ya Moi, Eastleigh, iko kilomita 7 hivi kwa mstari ulionyooka. Uwanja wa Jomo Kenyatta, JKIA, uko kilomita 12. Kutoka Eastleigh hadi JKIA ni kilomita 8 na kitu. Ukiunganisha viwanja hivyo vitatu unapata pembetatu yenye eneo la takriban kilomita za mraba 29, yaani robo ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ambayo ina kilomita za mraba 117.

Sasa weka ndege ndani yake. Cessna 172, ambayo wengi hujifunzia urubani, ikienda mwendo wa kilomita 180 kwa saa hukata kilomita 3 kila dakika. Mwanafunzi anayerudi kutoka upande wa Ngong, akiwa juu ya Dagoretti Corner, amebakiza dakika 2 kufika Wilson. Akiukosa uwanja na kunyoosha mbele, dakika 4 baadaye yuko JKIA. Akielekea kaskazini, jumba la KICC katikati ya jiji liko chini ya kilomita 4 kutoka Wilson: dakika moja na robo. Kupotea hivi hakuhitaji uzembe mkubwa. Kunahitaji mtu anayetazama ramani kwa dakika moja tu.

Eneo analoweza kuingia bila kukusudia huitwa anga inayodhibitiwa: sehemu ya anga ambayo rubani haingii mpaka apate idhini ya waongoza ndege. Mipaka yake haina ukuta wala bango. Kinachomjulisha mwongoza ndege kwamba kuna mgeni ni rada, na rada ya kisasa hutegemea sana transponda, yaani kifaa kinachosikia mawimbi ya rada katika megahezi 1030 na kuyajibu katika megahezi 1090. Jibu hilo hubeba namba ya tarakimu nne, kila tarakimu kuanzia 0 hadi 7. Nane mara nane mara nane mara nane ni namba 4,096. Tatu zimetengwa kwa shida duniani kote: 7500 kwa utekaji, 7600 kwa redio iliyokufa, 7700 kwa dharura.

Namba peke yake haitoshi, kwa sababu anga ina urefu wa kwenda juu pia. Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500 ikikaribia Nairobi. Marubani wakaelewa 5,000. Uwanja wenyewe uko takriban futi 5,330 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo walikuwa wakishukia kimo kilicho futi 330 chini ya lami. Waliposhtuka na kupaa tena, walikuwa wamebakiza kama futi 70. Ndiyo maana transponda inayofaa ni ile inayotuma pia kimo, ambacho aina ya kawaida hukitoa kwa hatua za futi 100.

Gharama ya kukosa tarakimu hizo za kimo ilionekana Marekani, tarehe 31 Agosti 1986. Piper ndogo iliingia bila idhini katika anga inayodhibitiwa ya Los Angeles ikiwa na transponda isiyotuma kimo, ikagongana na DC-9 ya Aeromexico juu ya mji wa Cerritos. Walikufa 64 katika ndege kubwa, 3 katika ndogo, na 15 waliokuwa ardhini. Jumla 82. Tazama uwiano: kwa kila mtu mmoja aliyekuwa ndani ya ndege iliyopotea njia, walikufa wengine 26 ambao hawakupotea popote.

Bei ya transponda si siri. Kampuni ya Garmin ilipotoa transponda ya GTX 335 mwaka 2016, ilitangaza bei ya kuanzia dola 2,995. Kwa dola ya shilingi 129, hiyo ni shilingi 386,355. Lakini Januari 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 160, na kwa kiwango cha 160 kifaa kilekile ni shilingi 479,200. Tofauti ni shilingi 92,845, asilimia 24, na hakuna skrubu hata moja iliyobadilika. Anayekuambia transponda ni ghali, muulize kwanza aliipigia hesabu mwezi gani.

Kufunga nako kuna fundi, nyaya, antena na majaribio. Nachukulia kwamba kazi hiyo inalingana na bei ya kifaa, na jumla inakuwa shilingi 772,710. Tuseme kifaa kitadumu miaka 10. Shule inayorusha ndege saa 500 kwa mwaka itagawanya gharama hiyo kwa saa 5,000: shilingi 155 kwa saa. Mmiliki anayeruka saa 50 kwa mwaka ataigawanya kwa saa 500: shilingi 1,545. Saa moja ya kuruka ikigharimu shilingi 20,000, nayo ni dhana yangu, wa kwanza anaongeza asilimia 0.8 na wa pili asilimia 7.7.

Dhana hizi zinaweza kupingwa. Bei ya 2016 si bei ya leo, na kodi sijaitia. Pandisha jumla nzima kwa nusu: shule inafika shilingi 232 kwa saa, mmiliki 2,318. Shule bado iko kwenye asilimia 1.2. Mmiliki anapita 11. Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu mzigo unamwangukia zaidi anayeruka mara chache, na anayeruka mara chache ndiye mwenye mazoezi haba ya kukwepa mipaka.

Kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji wa vifaa hawaipendi. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya shirika la Safarilink iliyokuwa ikienda Diani na watu 44, abiria 39 na wahudumu 5, iligongana na Cessna 172 ya shule ya urubani ya Ninety-Nines muda mfupi baada ya kuondoka Wilson. Dash 8 ilirudi salama. Wawili waliokuwa katika Cessna walikufa, na mabaki yakaanguka ndani ya mbuga. Ukigawa bei ya kifaa kimoja kwa watu hao 44 unapata shilingi 8,781 kwa kichwa, na ni rahisi kuishia hapo.

Tusiishie hapo. Ndege kubwa hubeba mfumo wa kuzuia migongano, ambao huuliza transponda za ndege za jirani na kumwambia rubani apande au ashuke. Chini ya takriban futi 1,000 kutoka ardhini mfumo huo huacha kutoa amri, usije ukamwelekeza rubani kwenye udongo. Kinachobaki ni tahadhari ya sekunde 20 hivi, na macho. Ndege mbili zikikabiliana, moja kwa kilomita 250 kwa saa na nyingine 160, zinakaribiana mita 114 kila sekunde. Mwongozo wa Marekani unampa rubani sekunde 12.5 kuona, kutambua, kuamua na kugeuka. Katika muda huo zinakuwa zimekaribiana mita 1,425, karibu urefu mzima wa njia ya kurukia ya Wilson. Karibu na uwanja, kwa hiyo, transponda hununua sekunde chache tu. Mbali na uwanja, ambako mtu hupotea na kuingia anga ya wengine, hununua dakika.

Hizo dakika nazo zina sharti. Kwenye paneli, transponda ni kisanduku cha ukubwa wa redio ya gari, na zile za zamani zina kitasa chenye hatua: kuzimwa, kusubiri, kuwaka, kuwaka na kimo. Ikiachwa kwenye kusubiri, haijibu chochote. Mwaka 2006 juu ya Brazili, transponda ya ndege ya kibinafsi ilikuwa imeingia katika hali hiyo bila marubani wake kujua. Boeing ya shirika la Gol iliyogongana nayo ilikuwa na watu 154, na wote walikufa.

Nani alipe? Mwaka 2016 Marekani iliahidi wenye ndege ndogo 20,000 dola 500 kila mmoja ili wafunge vifaa vipya. Jumla ni dola milioni 10, au shilingi bilioni 1.29. Kwa kifaa cha dola 2,995, ruzuku hiyo inalipa asilimia 17 tu, bila ufundi. Kwa mmiliki wa saa 50, shilingi 1,545 zinashuka hadi 1,416. Sidhani kuna aliyebadili nia kwa shilingi 129 kwa saa.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinataka hata ndege ndogo zinazoongozwa kwa macho ziwe na transponda inayotuma kimo, isipokuwa mamlaka husika izisamehe. Swali la Kenya basi ni la msamaha: apewe nani, na wapi. Kwa anayeruka kutoka kiwanja cha nyasi huko Mara hadi kingine, ningeutoa, maana huko hakuna JKIA ya kuingilia kwa bahati mbaya. Kwa anayeingia katika ile pembetatu ya kilomita za mraba 29, nisingeutoa, hata kwa mmiliki wa saa 50.