Mzazi, Hadithi na Kitabu: Wajibu Wetu Mtoto Anapovuka Madaraja ya Shule

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu masikio ya kusikia, ulimi wa kusema na kalamu ya kuandikia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo tunapenda kueleza juu ya jambo dogo kwa sura yake lakini kubwa kwa matokeo yake: mazungumzo ya jioni baina ya mzazi na mtoto wake, hadithi anayomsimulia, na kitabu wanachokisoma pamoja. Tutalieleza kwa kuwatazama hasa ndugu zetu wa Same na Milima ya Upare, ingawa mafunzo yake yanamhusu kila mzazi popote alipo.

Wazazi wengi hudhani kwamba wakishamnunulia mtoto sare na madaftari na kumfikisha kwenye mlango wa shule, kazi yao imekwisha, na iliyobaki ni ya mwalimu. Dhana hiyo si sahihi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga hawaachi mifugo wake mtoni ati kwa sababu ng'ambo ya pili kuna mchunga mwingine. Huwavusha kwanza, kisha ndipo anapowakabidhi.

Tuitazame Qurani Tukufu inavyotuonyesha wazazi wema. Katika Sura Luqman tunamkuta baba ameketi na mwanawe, akimwita kwa upole kila anapoanza nasaha mpya kwa jina la mwanangu. Anamfundisha mambo mazito kabisa: kumpwekesha Mwenyezi Mungu, kusimamisha Sala, kusubiri, na kutowafanyia watu kiburi. Lakini mifano yake ni ya vitu ambavyo mtoto anavijua kwa macho na masikio yake: chembe ndogo ya mbegu, jiwe, mlio wa punda. Hii ndiyo hekima ya malezi. Elimu kubwa hupandishwa juu ya kitu kidogo ambacho mtoto amekwisha kukiona.

Tazameni tena Sura Yusuf, ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe amekisifu kisa chake kuwa ni katika visa vilivyo bora. Kisa hicho kinaanza na mtoto anayemweleza baba yake ndoto aliyoiona. Nabii Yaaqub (A.S.) hakumwambia mwanawe kwamba ana shughuli, wala hakumcheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa nasaha. Basi kusimuliana katika nyumba ya Kiislamu kuna njia mbili: mzazi husimulia, na mzazi husikiliza.

Ndugu wasikilizaji, mtoto wa Upare huvuka madaraja matatu makubwa kabla hajawa mtu mzima.

Daraja la kwanza ni kutoka nyumbani kwenda madrasa na darasa la kwanza. Katika vijiji vingi vya milimani, mtoto husikia Kipare, yaani Chasu, kutoka kwa bibi yake. Akifika madrasa anakutana na herufi za Kiarabu. Akifika shule ya msingi anafundishwa kwa Kiswahili, ambacho ndicho kilichofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967. Mtoto mdogo huyo anabeba lugha tatu kwa wakati mmoja, naye anaweza, kwani Mwenyezi Mungu amemwumba na uwezo huo. Lakini anabeba vyema zaidi yule aliyezoea kusimuliwa. Mtoto aliyesikia hadithi nyingi anajua kwamba jambo lina mwanzo, kati na mwisho; anajua kungoja; anajua kuuliza kwa nini. Akifungua kitabu, anakuta kwamba ni hadithi iliyotulizwa kwenye karatasi.

Daraja la pili ni kutoka shule ya msingi kwenda sekondari, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwezi wa Januari mtoto anaingia kidato cha kwanza, na kwa ghafla masomo yake karibu yote yanakuwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa hodari wa kujibu anakuwa bubu. Anakariri maneno asiyoyaelewa, naye anaona haya kusema kwamba hakuelewa. Baba na mama nao, kwa kuwa hawakijui Kiingereza, wananyamaza. Hivyo, wakati mtoto anapowahitaji zaidi, ndipo wanapomwacha mkono. Tena, kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, elimu ya msingi imepangwa kuwa ya miaka sita badala ya saba. Maana yake ni kwamba watoto wetu watalifikia daraja hili wakiwa wadogo zaidi kwa mwaka mmoja. Haja ya mkono wa mzazi inazidi, haipungui.

Daraja la tatu ni kuondoka nyumbani. Shule huwa mbali, milima ni mirefu, na mtoto hulala bweni au katika chumba cha kupanga. Huko hakuna wa kumwamsha kwa Sala ya Alfajiri wala wa kumwuliza ameshindaje. Kitakachomlinda ni kile alichokwenda nacho moyoni.

Sasa mzazi afanye nini? Hapa tunataka kuwaondolea watu udhuru mmoja. Wengi husema, sisi hatukusoma, tutawafundisha nini watoto waliotupita? Ndugu Waislamu, Mtume wetu (S.A.W.) hakuwa mwenye kusoma wala kuandika, na wahyi wa kwanza uliomteremkia pangoni Hira ulianza kwa amri ya kusoma. Umma ulioanzia hapo ukawa umma wa vitabu. Vitabu vya sira vinaeleza kwamba baada ya Vita vya Badr, katika mwaka wa 2 Hijria, walikuwamo mateka waliojua kuandika lakini hawana mali ya kujikomboa. Wao walipewa kazi ya kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, ikawa ndiyo fidia yao. Basi kutojua kusoma si aibu mbele ya mtoto. Aibu ni kutojali.

Na Upare ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1970 Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baada ya hapo zikachaguliwa wilaya sita nchini ambazo zilitakiwa kuufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya kwisha kwa mwaka 1971. Pare ilikuwa mojawapo, wakati ule Same na Mwanga zikiwa bado wilaya moja. Watu wazima wakaketi darasani baada ya kutoka mashambani. Mtoto aliyemwona mama yake akihangaika na herufi jioni, huku mikono yake ina alama za jembe, alipata somo ambalo hakuna mwalimu awezaye kulifundisha: kwamba elimu inastahili taabu.

Tunawashauri wazazi mambo manne.

La kwanza, kila nyumba iwe na wakati wa kusimulia. Baada ya Sala ya Isha, redio na simu vizimwe kidogo. Wasimulieni watoto visa vya Mitume: safina ya Nuhu, subira ya Ayyub, ukweli wa Yusuf. Wasimulieni pia habari za kwenu. Waelezeni jinsi Wapare walivyoipinga kodi ya mbiru katika miaka ya 1940, wakakusanyika Same kwa maelfu bila ya silaha, mpaka hatimaye ikaondolewa. Wala msidhani kwamba maneno ya wazee ni ya kupitisha usiku tu. Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye ni Mpare, alikwenda kwa wazee wa koo mbalimbali akasikiliza masimulizi yao. Mwaka 1969 kikatoka kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kuanzia takriban mwaka 1500 hadi 1900. Yale waliyosimuliana mababu kwenye moto yamekuwa elimu ya chuo kikuu.

La pili, someni pamoja. Mzazi ajuaye kusoma amsomee mtoto. Asiyejua amwambie mtoto, mwanangu, nisomee nisikie. Mtoto anayemsomea mama yake kila siku ukurasa mmoja hujifunza kusoma kwa sauti, kwa utaratibu na kwa kuelewa, kwa sababu mama atamwuliza maana. Tangu mwaka 1969, ilipochapwa Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, hatuna tena udhuru wa kusema kwamba maana ya Kitabu chetu tunaijua kwa kusikia tu. Mtoto asome Kiarabu kwa tajwidi, kisha asome maana kwa Kiswahili, na nyumba nzima isikilize.

La tatu, mtoto wa sekondari aelezwe kwamba Kiingereza ni chombo tu, na kilichomo ndani ya chombo mara nyingi anakijua. Amefundishwa kwa Kiingereza habari za mmomonyoko wa udongo. Jioni mwulize, leo mmesoma nini? Nieleze kwa lugha yetu. Akiweza kueleza, ameelewa. Akishindwa, amekariri tu, na hapo amejua mahali pa kurudia. Kisha mpeleke shambani baada ya mvua, umwonyeshe mifereji iliyochimbwa na maji kwenye mteremko, na jinsi matuta yanavyouzuia udongo usiondoke. Mkulima wa Mamba, Vudee au Usangi anaujua mmomonyoko kuliko ulivyoandikwa kitabuni. Mtoto atakapoona kwamba baba yake anakijua kilichomo kitabuni, hatamdharau baba wala hatakiogopa kitabu.

La nne, uadilifu. Haifai mtoto wa kiume akae na daftari huku dada yake anachota maji na kukata kuni mpaka giza linaingia. Kazi za nyumbani ni malezi, nazo zigawanywe kwa haki, ili wote wawili wapate saa yao ya kusoma. Na mtoto akiwa mbali, mzazi asipige simu kuuliza fedha zimetumikaje pekee. Amwulize amesoma nini, amesali, ana rafiki gani, na amsikilize kama Yaaqub alivyomsikiliza Yusuf.

Ndugu Waislamu, katika Milima ya Upare kuna ndiva. Ni bwawa dogo lililochimbwa na wazee tangu zamani, linalopokea maji ya kijito usiku kucha wakati watu wamelala. Asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji mpaka mashambani. Usiku usipojaza ndiva, mchana mahindi hukauka, hata mfereji uwe mzuri namna gani. Na ndiva isipozolewa tope kwa msaragambo, hujaa udongo na kukosa nafasi ya maji. Moyo wa mtoto ni kama ndiva. Jioni ya nyumbani ndiyo inayoujaza, na mchana wa shule ndio unaomwagilia. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini hakuna serikali iwezayo kumsimulia mtoto hadithi kwa niaba ya baba yake, wala hakuna mwalimu awezaye kumsikiliza kwa niaba ya mama yake.

Nanyi wanafunzi mnaotusikiliza, msiwaonee haya wazazi wenu kwa kuwa hawakukijua mnachokijua. Wasomeeni. Waulizeni. Andikeni wanayoyasema kabla hayajapotea.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, awafungulie vifua vyao kwa elimu yenye manufaa, awavushe salama kila daraja, na atujaalie sisi wazazi kuwa wachunga waaminifu siku tutakapoulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.