Kukosa na Kurejea: Maneno Mawili ya Kiyunani

Maneno ya Kiyunani hamartia na metanoia, ambayo Biblia za Kiswahili huyaita dhambi na toba, hutajwa sana mimbarani, na mara nyingi hufafanuliwa kwa haraka mno, kana kwamba mzizi wa neno ukishajulikana maana yake nayo imekwisha kujulikana.

Hamartia hutokana na kitenzi hamartano, ambacho katika tenzi za Homer husemwa juu ya mkuki uliorushwa ukampita adui bila kumgusa. Baadaye Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, alilitumia neno hilo kwa kosa linalomwangusha mhusika wa tanzia ambaye hasa si mwovu. Wayahudi wa Alexandria, walipoanza katika karne ya 3 K.K. kuyafasiri maandiko yao kwa Kiyunani, tafsiri iitwayo Septuaginta, walilichukua kuwa kisawe cha neno la Kiebrania ambalo mzizi wake nao una wazo la kukosa, kwani ndio unaotumika katika Waamuzi 20:16 kuwaeleza wapiga kombeo wa Benyamini ambao shabaha yao haikupotea hata walipolenga unywele. Ndugu wa mzizi huo yumo katika Kiarabu, na kutoka huko Kiswahili kimepata neno hatia. Juu ya hayo Kiswahili kina kitenzi chake chenyewe, kukosa, kinachomfaa mwindaji aliyekosa mnyama na vilevile mtoto aliyemkosa mzazi wake.

Hata hivyo, anayehitimisha kwamba dhambi katika Agano Jipya ni kulenga vibaya tu anaipunguza mno. Katika Waraka kwa Warumi, hasa sura ya 5 hadi ya 7, Paulo huizungumzia hamartia kama mtawala mwenye watumwa na mwenye kulipa mshahara, na katika picha hiyo mkuki wa Homer hauonekani tena.

Metanoia imeundwa na meta, yaani baada ya, kiambishi ambacho pia huonyesha badiliko, na nous, yaani akili. Kwa Wayunani wa kale lilikuwa neno la kawaida la kubadili shauri. Mwanahistoria Thucydides asimulia kwamba mwaka 427 K.K. Waathene waliamua kuwaua wanaume wote wa Mytilene, mji ulioasi katika kisiwa cha Lesbos, lakini kesho yake wakapatwa na metanoia, wakakutana tena, wakatuma merikebu ya pili kutangua amri ya kwanza, ikafika dakika za mwisho na kuuokoa mji. Hapo hapakuwa na ibada wala ungamo, bali watu waliofikiri upya. Uzito wa kidini ulitoka kwa manabii wa Israeli, ambao kitenzi chao shuv maana yake ni kugeuka na kurudi, na wito huo wa kurudi ndio ulioijaza metanoia ya Injili.

Kilatini kilipolifasiri kwa paenitentia, neno lenye harufu ya majuto na kitubio, agizo la Injili la kutubu liliweza kueleweka kuwa ni amri ya kutimiza malipizi. Ndiyo maana mwanazuoni Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kiyunani mwaka 1516, wasomi walipata nafasi ya kulipima tena neno lenyewe, na hoja ya kwanza kati ya 95 za Martin Luther, za mwaka 1517, ilidai kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa toba, kutoka Kiarabu tawba, maana yake ya asili ni kurejea, na kwa hiyo liko karibu na manabii kuliko hata neno la Kiyunani.

Tofauti kati ya kurejea na kujuta huonekana pia ndani ya Injili yenyewe. Mathayo, anaposimulia jinsi Yuda alivyorudisha vipande 30 vya fedha, hakitumii kitenzi cha metanoia bali metamelomai, chenye kuelekea zaidi kwenye majuto. Fedha zilirudi hekaluni, naye Yuda akaenda kujinyonga.