Hodi Kabla ya Habari: Namna ya Kupata Wasomaji Bila Kuvunja Amana

Masasi na Newala, kama ilivyo kwingineko nchini, kamati za misikiti, madrasa na vikundi vya akina mama vimeanza kuandika. Huandikwa hotuba za Ijumaa, nasaha za malezi, taarifa za ujenzi na za mayatima, kisha zikawekwa mtandaoni. Tatizo ni kwamba waandishi wanaongezeka kuliko wasomaji. Hapo ndipo anapojitokeza kijana mjuzi wa simu na kutoa shauri: kusanyeni namba na anwani za watu, lipieni matangazo, wasomaji watakuja wenyewe. Shauri hilo lina ukweli ndani yake. Lina pia jambo zito ambalo kila familia haina budi kulifahamu kabla ya kutoa, au kuchukua, hata namba moja.

Sisi tumekutana nalo uso kwa uso. Msimu uliopita wa korosho, mfanyabiashara mmoja aliijia kamati yetu na ombi: tumpatie orodha ya majina na namba za simu za watu wanaopokea barua yetu ya kila juma, naye atatoa mabati ya kuezekea madrasa. Mabati tulikuwa tukiyahitaji mno. Orodha hatukuitoa. Makala haya yanaeleza sababu, na yanaeleza pia njia njema ya kuongeza wasomaji, kwa kuwa kukataa peke yake si mpango wa kazi.

Karatasi ndogo ya Mombasa

Kuwafikia watu kwa barua fupi si jambo geni katika mwambao wetu. Mwaka 1930, mjini Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alikuwa ameathiriwa na al-Manar, jarida la Sheikh Rashid Rida lililotoka Cairo. Lakini alitambua kwamba mwananchi wa kawaida wa pwani hawezi kufikiwa kwa Kiarabu cha wanazuoni. Akaandika kwa lugha ya nyumbani, kwa herufi ambazo watu walizijua tangu chuoni, juu ya mambo yaliyowagusa: elimu ya watoto wao, wakiwemo wa kike, na hatari ya kuiga kila jambo la Wazungu bila kupima.

Mwaka 1932 alianzisha gazeti la al-Islah, na mwaka huohuo akawa kadhi wa Mombasa. Baadaye, mwaka 1937, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, wadhifa alioushika hadi alipofariki mwaka 1947. Karatasi zile hazikudumu miaka mingi, lakini makala za Sahifa zilikusanywa mwaka 1944 katika kitabu cha Uwongozi, ambacho kinasomwa hata leo. Kwetu sisi tunaoandika katika mji mdogo, funzo liko wazi: kwanza mjue msomaji wako ni nani, anasoma kwa lugha gani, na jambo gani linamkosesha usingizi. Asiyejua hayo, hata akilipia matangazo elfu, atakuwa anatwanga maji katika kinu.

Barua iliyoombwa na barua iliyovamia

Sahifa ya zama zetu ni barua pepe inayotumwa kwa siku maalumu kwa watu walioiomba. Ubora wake ni kwamba haitegemei matakwa ya kampuni za mitandao. Ukiandika katika Facebook, kampuni ndiyo inayoamua nani aone na nani asione. Ukituma barua, inakwenda moja kwa moja kwa mwenyewe, naye huisoma apatapo nafasi.

Hata hivyo, barua pepe ilianza kutumiwa vibaya mapema. Tarehe 3 Mei 1978, mfanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta nchini Marekani aliwatumia watu wapatao 400 tangazo la biashara ambalo hawakuliomba. Walilalamika, naye akakemewa. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na leo kila mwenye anwani anazijua barua taka. Mwezi Februari 2024, Google na Yahoo waliwawekea masharti wanaotuma barua kwa wingi: msomaji apewe njia nyepesi ya kujiondoa, na malalamiko ya barua taka yasifikie 3 katika kila barua 1,000.

Waislamu hatukuhitaji kusubiri kampuni hizo. Suratun-Nuur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba mtu huomba ruhusa mara tatu, asipojibiwa, arejee. Simu ya leo iko ndani ya nyumba kuliko mlango wenyewe, kwani hulala kitandani pamoja na mwenyewe. Ujumbe usioombwa ni mgeni aliyeingia bila hodi.

Kwa hiyo, katika barua yetu tunafuata mambo machache. Jina haliandikwi ila mwenyewe ameomba, na anaelezwa atapokea nini na mara ngapi. Barua hutoka Alhamisi jioni, ili familia iwe nayo kabla ya Ijumaa. Kichwa chake husema wazi kilichomo ndani. Hubeba jambo moja kuu, si kumi, kwa maneno ambayo mtu ataweza kuyamaliza kabla chai haijapoa. Picha ni chache, kwa sababu bando hununuliwa kwa fedha. Chini kabisa kuna maelezo ya kujiondoa, na anayejiondoa haulizwi sababu.

Tumeona pia kwamba barua pepe haimfai kila mtu. Wanaoisoma zaidi ni wana wetu walio mbali: walimu, wauguzi na wanafunzi waliokwenda Mtwara, Dar es Salaam na ng'ambo, ambao wanatamani habari za nyumbani na ndio wanaochangia. Wazee wa vijijini tunawachapishia karatasi, ikabandikwa msikitini. Jambo ni lile lile; mlango ndio tofauti.

Tangazo linalochagua watu

Sasa tuje kwenye matangazo ya kulipia. Zamani tangazo lilibandikwa stendi na kila apitaye akaliona. Tangazo la mtandaoni huchagua. Mlipaji hueleza anataka lionekane na watu wa mji gani, wa umri gani, wanaopenda mambo gani, na kiasi gani yuko tayari kulipa. Kisha mtambo wa kampuni hufanya mnada wa haraka kati ya walipaji, na nafasi hupewa yule ambaye tangazo lake limepimwa kuwa linafaa zaidi kwa bei yake. Kampuni inaweza kuchagua hivyo kwa sababu imekusanya habari nyingi za kila mtumiaji: anachopenda, anachotazama, alipo.

Tangu Januari 2022, kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, iliondoa katika vigezo vya kuchagua watu mambo kadhaa nyeti, yakiwemo yanayohusu dini na msimamo wa kisiasa. Hatuoni hasara. Chagueni kwa mji, umri na lugha, nayo yatosha. Tangazo lisiombe fedha siku ya kwanza. Liwaalike watu kusoma jambo moja lenye manufaa, na mwishoni wapewe nafasi ya kuomba barua. Andaeni matangazo mawili tofauti kwa fedha kidogo, tazameni lipi limeleta watu, kisha endeleeni na hilo. Na kipimo kisiwe idadi ya walioliona au kulipenda, bali idadi ya walioomba barua na wakabaki nayo baada ya miezi kadhaa. Nyuso za watoto wa madrasa zisitumike kuvutia macho.

Jambo moja tunalionya kwa mkazo. Kampuni hizi humwezesha mlipaji kupakia orodha ya namba au anwani alizonazo, ili tangazo liwafuate watu hao hao. Kufanya hivyo ni kupeleka taarifa za waumini kwa mtu wa tatu. Asiyewaomba idhini kwa jambo hilo asilifanye.

Orodha ni ghala, si mali

Mkulima wa Newala na wa Masasi analijua ghala. Tangu mwaka 2007 korosho zetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo, hupewa stakabadhi, na mzigo hubaki wake mpaka uuzwe mnadani. Mwenye ghala ni mtunzaji. Akiuza gunia moja kwa mlango wa nyuma, hata kama bei ni nzuri na fedha amezipeleka kwenye jambo la heri, huyo ni mwizi. Majina ya watu tuliyonayo ni hivyo hivyo. Walitupa kwa ajili ya barua, hawakutupa kwa ajili ya mabati. Suratun-Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe.

Sheria ya nchi nayo imesema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azitumie kwa lengo lililotajwa. Taarifa zinazofichua dini ya mtu, na taarifa za watoto, zimehesabiwa kuwa nyeti. Orodha ya msikiti, kwa jinsi ilivyo, inafichua dini. Na anayechapisha habari mtandaoni aulize mapema TCRA kuhusu leseni.

Madhara si ya kufikirika. Mwaka 2018 ilibainika kwamba taarifa za watumiaji wa Facebook, ambao kampuni yenyewe ilikadiria kuwa hadi milioni 87, zilifika mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa, bila wengi wao kujua. Zilitolewa kwa jambo moja, zikatumiwa kwa jingine.

Yule mfanyabiashara tulimpa njia nyingine: alipie tangazo ndani ya barua, liandikwe wazi kuwa ni tangazo, na anayelitaka ampigie mwenyewe. Alilipia juma moja. Fedha hazikutosha mabati, na waumini wanaendelea kuchanga. Lakini hakuna mama aliyeamshwa usiku na ujumbe wa mtu asiyemjua kwa sababu yetu.

Wazazi, kabla ya kutoa namba yenu au ya mtoto, ulizeni mambo matatu: inatakiwa kwa kazi gani, nani mwingine ataiona, na nitajiondoaje. Kamati isiyoweza kujibu, hata ikiwa ni ya msikiti wenu, haijawa tayari kupewa. Na sisi tunaotunza orodha tujiulize hayo hayo kila tunapoifungua.

Wabillahit-tawfiq.