Tunda la dragoni halina damu ya joka

Mzazi, umempeleka mwanao msalani asubuhi ukaona mkojo wake ni mwekundu. Moyo lazima ushtuke. Kabla hujafika mbali, kumbuka jana alikula nini. Kama alikula tunda la dragoni, lile lenye nyama nyekundu ndani, huenda hiyo si damu. Ni rangi ya tunda, ya aina ile ile iliyomo kwenye bitiruti, ambayo hutoka na mkojo au choo.

Jina la tunda hili linawachanganya wengi. Wapo wanaoamini kwamba chenye jina la joka lazima kiwe na nguvu za ajabu, na wauzaji nao hawakosi kuongeza chumvi: eti linaponya kisukari, eti linaongeza damu. Jina halikutokana na dawa yoyote. Asili ya mmea wake ni Mexico na Amerika ya Kati, nao ni wa jamii ya mdungusi kakati. Huko tunda huitwa pitahaya, jina lisilo na joka ndani yake. Wafaransa ndio wanaotajwa kuupeleka mmea huo Vietnam katika karne ya 19, na Wavietnam wakaliita tunda lake thanh long, yaani joka la kijani. Litazame ganda lenye magamba, kisha shina refu linalojinyonganyonga kwenye nguzo, utaelewa. Wachina huliita tunda la joka la moto. Kwao joka si yule wa kutisha watoto. Ni ishara ya heri.

Linafaa kuliwa? Ndiyo. Lina maji mengi, vitamini C, na nyuzinyuzi zinazomsaidia mwenye choo kigumu. Ila lina sukari pia, hivyo mgonjwa wa kisukari ale kwa kiasi kama matunda mengine, na dawa zake asiziache. Wekundu wake si madini ya chuma. Mtoto aliyepungukiwa damu anahitaji kupimwa na kutibiwa.

Nirudi kwenye mkojo. Rangi ya tunda huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili baada ya kuacha kulila. Ikiendelea, au mtoto akisikia maumivu anapokojoa, akiwa na homa, au kama hakulionja tunda hilo kabisa, mpeleke kituo cha afya akapimwe mkojo. Anayeoga ziwani au kwenye madimbwi anaweza kuwa na kichocho, na kichocho kina tiba. Ukifika, mweleze daktari kila alichokula tangu juzi.