Gridi Ndogo za Visiwani: Taa Hazilipi Mtambo

Katika visiwa vya Ziwa Victoria, ambako umeme wa gridi ya Taifa hauwezi kufika bila kuvushwa majini kwa gharama kubwa, tegemeo limekuwa gridi ndogo, yaani mtambo unaozalisha umeme hapo hapo kijijini na kuusambaza kwa nyaya zake wenyewe. Mfano unaojulikana ni wa Bwisya, katika kisiwa cha Ukara wilayani Ukerewe, ambako mwaka 2016 ulizinduliwa mtambo wa kilowati 60 unaotumia paneli za jua, betri za kuhifadhi umeme wa usiku na jenereta ya dizeli kwa siku za mawingu.

Ugumu wa mitambo ya namna hii hauko katika jua, ambalo ni la bure, bali katika vifaa, hasa betri, ambazo huchakaa na kuhitaji kubadilishwa. Nyumba yenye taa 3 za wati 5, zinazowashwa saa 4 kila usiku, hutumia kwa mwezi chini ya uniti 2, uniti moja ikiwa ni umeme unaoliwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa nzima. Malipo ya umeme kidogo kiasi hicho hayawezi kamwe kurudisha gharama ya mtambo. Kinachouokoa ni kazi za mchana, wakati umeme unatoka moja kwa moja kwenye paneli bila kupitia betri: kusaga nafaka, kugandisha barafu ya kuhifadhia samaki, kuchomelea vyuma, na kuchaji betri za taa ambazo wavuvi wa dagaa huingia nazo ziwani usiku wa giza badala ya karabai za mafuta ya taa.

Bei nayo ina uzito wake. Mwaka 2020 Serikali ilipotaka gridi ndogo zitoze shilingi 100 kwa uniti, sawa na mteja mdogo wa TANESCO, ilitenda haki kwa mwanakijiji, kwa kuwa hakuna sababu ya mkazi wa kisiwani kulipa mara kadhaa ya anacholipa mkazi wa Mwanza mjini. Lakini bei hiyo iko chini ya gharama za uzalishaji, na pengo hilo, lisipozibwa kwa ruzuku, huishia kumwangukia mwanakijiji yule yule siku betri zinapokufa na fedha za kununua nyingine hazipo.