Timu Inapoficha Uovu, Nani Ajibu?



Watu wa Rusizi wanapenda mpira. Siku Espoir inapocheza katika uwanja wa Kamarampaka, wachuma chai wa Shagasha na wenzetu wa kiwanda cha simenti kule Bugarama huwa na mazungumzo yale yale tangu asubuhi. Kwa hiyo hatuoni haya kuuleta mpira katika ukurasa huu wa chama. Lakini safari hii hatuandiki juu ya mabao. Tunataka kueleza jambo moja: shirikisho, chuo au kampuni yenye timu ikigundua uovu ndani yake na kuuficha, nani anapaswa kujibu? Na mfanyakazi wa chini aliyeuona uovu huo kwa macho yake, afanye nini?

Tuanze na lililotupata wenyewe. Mwaka 2014 Amavubi walikuwa wakiwania kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015. Walipocheza na Libya mjini Kigali walishinda 3-0, na mabao yote matatu yalitiwa na Dady Birori. Baadaye wakakutana na Kongo-Brazzaville. Walifungwa 2-0 ugenini, wakalipa 2-0 Kigali, wakashinda kwa penalti. Nchi ilifurahi. Furaha hiyo haikumaliza mwezi. Kongo walikuwa wamepeleka malalamiko kwamba Birori ni yule yule aliyekuwa akichezea klabu ya Vita ya Kinshasa kwa jina la Etekiama Agiti Tady. Pasi moja ilisema alizaliwa 1986, nyingine 1990. Mwezi wa Agosti Shirikisho la Mpira la Afrika, CAF, likaitoa Rwanda mashindanoni na kumsimamisha mchezaji. Kongo wakachukua nafasi yetu, wakafika mpaka robo fainali kule Guinea ya Ikweta.

Sisi tunaoishi mpakani, ambao ndugu zetu wengine wako Bukavu, hatushangai kusikia kwamba mtu ana majina mawili. Cha kujiuliza ni kitu kingine. Karatasi ya mchezaji wa timu ya taifa haijiandiki yenyewe. Yupo anayeijaza, yupo anayeitia sahihi, na yupo anayeipeleka Cairo yaliko makao ya CAF. Hata hivyo adhabu ya CAF ilimwangukia mchezaji mmoja pamoja na wenzake zaidi ya ishirini, waliokimbia uwanjani kwa jasho lao na ambao kosa halikuwa lao.

Mwaka 2021 mambo yalikwenda mbele kidogo. Mashindano ya voliboli ya wanawake wa Afrika yalifanyika Kigali mwezi wa Septemba, na timu yetu ilikuwa na wachezaji wanne kutoka Brazil. Ilibainika kwamba hawakuwa na haki ya kuichezea Rwanda. Mashindano yakasimamishwa kwa muda, na Rwanda ikatolewa mbele ya wageni wake. Safari hii lakini, dola haikutosheka na kuiadhibu timu. Makamu wa rais wa shirikisho la voliboli, Jean de Dieu Bagirishya, anayejulikana zaidi kama Jado Castar, alikamatwa akashtakiwa kwa habari ya karatasi za kughushi. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka miwili, na baada ya rufani kikapunguzwa kuwa miezi minane. Mtu anaweza kusema adhabu ilikuwa kali au nyepesi. La maana kwetu ni kwamba aliyeulizwa maswali alikuwa kiongozi mwenye kalamu, wala si msichana aliyevaa jezi.

Hayo yalikuwa makosa ya karatasi. Yapo makubwa kuliko hayo, na kisa chake kinachojulikana kuliko vyote kilitokea Marekani, katika chuo kikuu kiitwacho Penn State, jimbo la Pennsylvania. Tunakieleza kwa kirefu kwa sababu ndani yake wamo wafanyakazi kama sisi.

Kwanza ni lazima msomaji afahamu kwamba kule Marekani mpira wa vyuo (ule wao wa kushika kwa mikono) si mchezo wa wanafunzi wa kupitisha jioni. Ni biashara kubwa. Uwanja wa Penn State huingiza watu zaidi ya 100,000. Kocha mkuu, Joe Paterno, aliiongoza timu kuanzia 1966, na sanamu yake ya shaba ilisimamishwa nje ya uwanja akiwa bado hai. Msaidizi wake kwa miaka mingi alikuwa Jerry Sandusky. Huyu Sandusky aliunda mwaka 1977 shirika la kusaidia watoto wa familia maskini. Watu walimsifu sana. Kumbe ndimo alimowapata wavulana aliowanajisi.

Mwaka 1998 mama mmoja alilalamika. Polisi wa chuo walichunguza, hakuna aliyeshtakiwa. Sandusky alistaafu mwaka 1999 lakini akaachiwa ofisi na funguo za majengo ya michezo. Mwaka 2001 kocha kijana alimkuta bafuni na mtoto, akaenda kumwambia Paterno. Paterno akamwambia mkuu wa michezo, mkuu wa michezo akazungumza na mkubwa mwingine wa utawala, habari ikafika kwa rais wa chuo. Ikaishia hapo. Hawakuwaambia polisi wa nje wala ofisi ya ulinzi wa watoto. Walimwambia tu Sandusky asilete tena watoto pale. Miaka kumi ikapita.

Lakini kabla ya kocha yule, katika majira ya vuli ya mwaka 2000, mfagiaji mmoja wa usiku alikuwa ameona jambo kama hilo hilo katika bafu hilo hilo. Alitetemeka, akawaeleza wenzake wa zamu. Msimamizi wao akamwonyesha wa kumpelekea habari kama akitaka. Hakuna aliyekwenda. Walipoulizwa baadaye na wachunguzi, walisema waliogopa kwamba chuo kitaikinga timu na wao watafukuzwa kazi. Kwao, kumshtaki mtu wa Paterno kulikuwa sawa na kushindana na rais wa nchi.

Tusiwahukumu wafagiaji wale haraka. Nani kati yetu hajawahi kuona jambo shambani au kiwandani akameza mate kwa sababu ya watoto wake wanaongoja posho nyumbani? Uovu wa wakubwa hulindwa kwa hofu hiyo hiyo ya wadogo, na anayeijua hofu hiyo kuliko wote ni bosi mwenyewe.

Mambo yalilipuka mwezi wa Novemba 2011. Paterno na rais wa chuo, Graham Spanier, waliondolewa kazini. Wanafunzi kwa maelfu waliingia barabarani, si kwa ajili ya watoto, bali kumlilia kocha! Mwezi wa Juni 2012 Sandusky alipatikana na hatia katika makosa 45, akahukumiwa kifungo cha miaka kati ya 30 na 60. Mwezi uliofuata ilitoka ripoti ya Louis Freeh, aliyewahi kuongoza idara ya upelelezi ya FBI. Ilisema wakubwa wanne wa chuo, Paterno akiwamo, walificha habari ili kuepuka sifa mbaya. Paterno alikuwa amekwisha kufa Januari, na jamaa yake waliipinga ripoti hiyo.

Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilikitoza chuo dola milioni 60, kikaizuia timu kucheza michezo mikubwa ya mwisho wa msimu kwa miaka minne, na kikafuta ushindi wa mara 112. Yalionekana kuwa mapigo mazito. Lakini kizuizi kiliondolewa mapema, mwaka 2014, na Januari 2015 ushindi wote ukarudishwa vitabuni. Wachezaji waliokuwapo 2012, waliokuwa wangali wadogo wakati uovu unatendeka, ndio walionyimwa michezo yao. Wakubwa watatu wa chuo waliingia jela kwa miezi michache tu. Spanier, aliyepatikana na hatia mwaka 2017, alianza kifungo chake 2021.

Kwa maoni yetu adhabu ya kufuta mabao na ushindi ni adhabu ya hewa. Iliyoleta faida ni nyingine, nayo haikutangazwa sana. Zamani, sheria ya Pennsylvania ilimruhusu mtumishi aliyeona mtoto anadhulumiwa kumwambia mkubwa wake, na basi, wajibu wake umekwisha. Kocha kijana alimwambia Paterno, Paterno akamwambia mkuu wake, kila mmoja akanawa mikono. Mwaka 2014 sheria ilibadilishwa. Mtumishi anayehusika na watoto sasa anatakiwa kutoa habari yeye mwenyewe moja kwa moja kwa wenye mamlaka, kisha ndipo amjulishe mkubwa wake.

Na kwetu? Watoto wetu wanachezea timu za shule, wengine wanachukuliwa na makocha wanaoahidi kuwapeleka Kigali au ng'ambo. Huko wanalala mbali na wazazi, na anayefua jezi zao, anayepika chakula chao na anayelinda lango usiku ni wafanyakazi wenzetu. Rwanda inayo sheria ya Septemba 2017 ya kuwalinda watoa habari za makosa. Kwa sheria hiyo jina la mtoa habari hufichwa, na mwajiri hana ruhusa ya kumwonea kwa sababu ya habari aliyoitoa. Anayesema uongo kwa makusudi halindwi, na ni haki. Lakini sheria iliyomo kabatini haimsaidii mlinzi wa lango asiyejua kwamba ipo.

Ndiyo maana tunayaomba matawi yote, ya mashambani na ya viwandani, yadai jambo hili liandikwe katika mapatano na waajiri: kwamba mfanyakazi aliyepeleka habari kwa ofisi ya upelelezi, RIB, hataachishwa wala kuhamishwa kabla chama hakijasikilizwa. Mahali ambapo kampuni au shule ina timu ya vijana, mjumbe wa chama aulize nani anashika funguo za mabweni, na nani analala huko. Mjumbe asiogope kuonekana mchokozi.

Mtoto aliyedhulumiwa apelekwe upesi kwenye kituo cha Isange katika hospitali ya wilaya, bila kumwosha wala kumbadilisha nguo, kwa maana ushahidi hupotea. Simu ya RIB ni 166. Haina malipo.